Kwenda Toa Saba, Kurudi Tia Saba

Karakana ya Vyombo,
3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba sikio lako la kulia bado linamsikia angalau anapolalamika kuhusu viatu sebuleni. Mimi sijambo. Simu wanatuchukulia getini asubuhi na kuturudishia jioni, na hata wangetuachia, wewe na simu hamjawahi kuelewana tangu masikio yako yaharibike. Ukipigiwa unajibu usichoulizwa. Kwa hiyo tuandikiane, kama ulivyokuwa ukimwandikia Mama zamani. Dereva wa lori la mahitaji ameniahidi kuzipeleka posta kila Ijumaa.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Unajua wamenipa chombo gani? Shangazi. Ndiyo, Shangazi wako mwenyewe. Nilidhani hovakrafti zote za wakati wenu, hizo za kuelea juu ya upepo, zilishakatwakatwa zikauzwa vyuma chakavu, kumbe mwenzao yupo, ameegeshwa chini ya bati, na ile sketi yake ya mpira imelala sakafuni kwa kukosa upepo. Nilipomwona nilicheka peke yangu. Nilikumbuka ulivyotueleza kwa nini mlimpa jina hilo: amevaa sketi pana, anasikika kabla hajafika, na akishaingia kila mtu anampisha.

Kazi yenyewe ni hii. Wewe ulikuwa na usukani mkononi, kanyagio miguuni, dira mbele ya macho, rada pembeni, na mwenzako akikusomea ramani. Sisi tunaviunganisha vyote viwe mfumo mmoja. Kompyuta inasoma dira, rada, mwendo, upepo na setilaiti, halafu inaamua yenyewe mapangaboi yazunguke kiasi gani na chombo kigeuke wapi. Nahodha anatazama skrini moja tu. Adui akiziba mawimbi ya setilaiti, mfumo unaendelea kwa dira na rada mpaka unawafikisha askari nyumbani. Hicho kipande cha mwisho ndicho changu. Tuna majaribio matatu. La tatu likishindikana, mfumo unafunguliwa, Shangazi anakatwa, na mimi narudi ofisini kutengeneza feni za maafisa.

Nafanyia kazi kwenye kiti chako. Kimechanika upande wa kushoto, pale ulipokuwa ukiegemea.

Halafu kuna mzee wa stoo, wanamwita Kimya. Skrubu anazihesabu mara mbili, na kila anachoandika kwenye daftari anakisoma tena kabla hajakusainisha. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia, akanipa skrubu kumi na mbili nilipoomba kumi, akasema, "Msalimie baba yako." Unamfahamu?

Mwanao,
Fundi Mdogo


Nyumbani,
11 Februari

Fundi Mdogo,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma, Mama yako akaisoma, kisha akanisomea mimi tena kwa sauti kana kwamba sikuielewa. Viatu nimevitoa sebuleni. Usimpe silaha nyingine.

Nimefurahi kwamba Shangazi yu hai. Sasa nisikilize, maana vitabuni hutayakuta haya. Chombo hiki hakishiki maji. Kinaelea juu ya upepo wake chenyewe, na kinateleza kama sabuni kwenye sakafu iliyolowa. Pua inatazama huku, mwili unakwenda kule. Anayetaka kupiga kona huanza kugeuka kabla kona haijafika. Usiiamini pua hata siku moja. Mimi nilikuwa najua tunakoelekea kwa makalio, kwa jinsi kiti kinavyonisukuma. Mama yako anasema nilifute neno hilo. Silifuti, ndiyo elimu yenyewe.

Ile ngao waliyonipa nikistaafu bado ipo ukutani juu ya redio. "Miaka kumi na minane bila kugusa mwamba." Mama yako huipangusa vumbi kila Jumamosi na kuwasomea wageni wasioomba.

Nina swali dogo. Mmeshaubandua ule ubao wa mbele ya usukani, wenye dira? Kama bado, uacheni ulivyo. Skrubu zake zimeota kutu, mtaupasua bure.

Kula vizuri. Vaa viziba masikio hata kama wenzako wanakucheka. Mimi nilicheka pia.

Baba yako


Karakana,
21 Februari

Baba,

Shikamoo. Viziba masikio navaa. Ubao hatujaubandua, usiwe na wasiwasi na mali yako. Kihisi cha dira mpya nimekifunga juu yake, palepale ilipokaa dira yako ya zamani. Kuhusu Mzee Kimya hujanijibu neno.

Jaribio la kwanza tumelifanya Jumanne na limekwenda vibaya. Tulitoka karakana vizuri, tukaingia mfereji kuelekea mashariki, nikazima setilaiti kama mpango ulivyosema. Mfumo ukashika usukani wenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nahodha. Dakika nne tu, Baba. Skrini inaonyesha tupo katikati ya mfereji, na mimi kwa macho yangu naziona nguzo za kando zinatusogelea. Tuliishia kwenye tope, sketi imekunjamana, askari sita wananitazama.

Manahodha wangu ni vijana wawili. Hawakushangaa hata kidogo. Mmoja aliniambia, "Dada, hukutoa saba." Nikauliza saba gani. Akanionyesha maandishi ya chaki juu ya mlango wa chumba cha usukani: kwenda toa saba, kurudi tia saba. Wanasema Shangazi ana kisirani. Ukienda mashariki unapunguza digrii saba kwenye kile dira inachosema, ukirudi magharibi unaongeza saba, na huulizi kwa nini. Wanasema ndivyo ulivyowafundisha waliowafundisha wao.

Tatizo ni kwamba setilaiti ikiwa imewashwa, kosa halionekani. Pua ikitazama kando kidogo, kompyuta inadhani ni upepo unatusukuma, kwa sababu Shangazi kweli huteleza. Inasahihisha, maisha yanaendelea. Setilaiti ikizimwa ndipo uongo unajitokeza. Nilikuwa nimeipima dira hapa karakana kabla hatujatoka, na haikukosea hata nusu digrii.

Kamanda amechoka. Amesema, "Si muitie tu hiyo saba kwenye kompyuta yenu?" Nimemwambia siwezi kuandika kisirani kwenye kompyuta, lazima nijue kinatoka wapi. Amenipa wiki moja.

Baba, wewe ndiye mwenye sheria hii. Saba inatoka wapi?

Mwanao,
Fundi Mdogo


Nyumbani,
26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa tope.

Chombo kikubwa cha chuma kina tabia zake. Hiyo saba nimeitumia miaka mingi na haikuniangusha. Kamanda amesema sawa. Itie kwenye kompyuta, upite jaribio lako, uachane nayo. Si kila jambo ni la kuchimbwa.

Mvua imenyesha huku siku tatu mfululizo. Mama yako hajambo.

Baba


Karakana,
5 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta ulipo ndani yake. Wewe ndiye uliyenifunza, nikiwa na umri wa kuchezea nati, kwamba kitu usichokijua hukifungi kwenye chombo chenye watu. Lakini baba akisema, mtoto husikia. Niliitia saba.

Jana ndilo lilikuwa jaribio la pili. Kamanda alibadilisha njia bila kutuambia mapema, na ana haki, vita havisubiri mfereji. Akasema tusiende mashariki, tuzunguke kisiwa kwa upande wa kaskazini tuchukue askari waliojificha huko. Nilizima setilaiti. Mfumo ukatoa saba kama ulivyoagizwa. Tukakata kona mapema kuliko ramani inavyosema, tukaingia matetini kwa mwendo wote. Mbele yetu palikuwa na mtumbwi wenye baba na binti yake, wanakata matete. Nahodha aliunyaka usukani kwa mkono. Tuliwapita kwa umbali wa urefu wa meza yetu ya chakula. Yule binti alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bado namwona.

Kwa hiyo saba yako upande wa kaskazini haipo. Ukienda mashariki ni ya kutoa, ukirudi ni ya kutia, ukielekea kaskazini haipo kabisa. Na karakana yetu imetazama kaskazini, Baba. Nilipoipima dira sikumgeuza Shangazi pande zote kama inavyotakiwa, nilimpima alivyoegeshwa ili tuokoe siku moja. Hilo ni kosa langu na nimelikiri. Lakini kuna kitu ndani ya chombo kinachoivuta dira, nacho ni cha siku nyingi.

Jioni nilikwenda stoo. Sikuwa na haja ya skrubu, nilitaka kukaa tu. Mzee Kimya akanisogezea boksi nikakalia. Nilimwambia natafuta nahodha wa jaribio la tatu ambaye hajazoea hiyo saba. Nikamuuliza kama aliwahi kushika usukani. Alimaliza kwanza kuhesabu skrubu za kopo moja.

Akasema, "Mara moja peke yangu."

Alikuwa msaidizi wako, Baba. Siku hiyo hukuwepo, na kulikuwa na ukungu. Akasema, "Nilifuata ramani. Ramani ilisema digrii tisini na nne, nikaweka dira tisini na nne. Nikawapeleka watu kwenye mwamba. Askari mmoja alivunjika mguu. Dira ilipimwa ikakutwa haina kosa. Sasa kama ramani haikukosea, na dira haikukosea, aliyebaki ni nani?" Wakamtoa kwenye usukani, wakampa funguo za stoo. Ana miaka ishirini na moja humo. Ana baiskeli, lakini haipandi. Huisukuma kutoka nyumbani mpaka kazini na kurudi. Nilipomuuliza sababu alisema hauamini mkono wake kwenye kitu chochote kinachogeuka.

Nimekutajia mtu huyu mara mbili na hukunijibu. Naogopa kukuuliza swali linalofuata, kwa hiyo siliulizi. Jaribio la tatu ni mwanzoni mwa Aprili.

Nakupenda.

Fundi Mdogo


Nyumbani,
10 Machi

Mwanangu wa kunizaa,

Barua hii anaandika Mama, Baba yako hajui. Ulimwandikia nini? Barua aliipokea mwenyewe mlangoni na mimi hakunipa niisome, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane. Tangu siku hiyo anagusagusa chakula tu. Juzi niliamka kutoka usingizi wa mchana nikakuta ngao haipo ukutani. Ameiweka chini ya kitanda, imegeuzwa uso chini. Nikamuuliza, akaniambia, "Mama Fundi, miaka yote hiyo umekuwa ukipangusa uongo."

Kama umemwambia neno kali, mpoze. Kama ni yeye mwenye neno, mvumilie, atalisema. Baba yako ni mgumu kuanza, ila akianza humaliza.

Hapa naona amekaa mezani na kalamu. Naificha hii.

Mama yako


Nyumbani,
12 Machi

Mwanangu,

Swali uliloogopa kuuliza ninalijibu. Nina karatasi nne na sitaki kutumia ya tano kujitetea.

Ulipokuwa na miaka minane, redio yetu iliungua. Uliifungua na bisibisi yangu ukatoa sumaku ya spika, ile ya mviringo yenye tundu katikati. Ukaichora uso kwa rangi ya kucha ya Mama yako. Ukanipa siku naondoka kwenda kazini, ukasema, "Baba, hii ni ya kukushika usianguke majini." Niliipeleka kweli. Nilipitisha mkono chini ya ubao wa usukani nikaibandika nyuma, kwenye chuma kinachobeba dira, mahali ambapo hakuna atakayeiona na kunicheka. Kila nikirudi nyumbani ulinipokea mlangoni na swali moja. Hukuuliza nimekuletea nini. Uliuliza, "Bado imeshika?" Nami nikajibu, "Imeshika."

Nilijua kabla mwezi haujaisha kwamba inaivuta dira. Mtoto wa shule angejua. Lakini mfereji ulikuwa mmoja, njia ni ileile, nikazoea kutoa saba nikienda na kutia saba nikirudi, kichwani mwangu, bila kumwambia mtu. Siku za ukaguzi niliitia mfukoni, wakaguzi wakishuka naibandika tena. Nilijiona mjanja. Nilijiona na siri nzuri, mimi na binti yangu.

Kisha ukapata surua. Nikapewa ruhusa ya siku tatu, nikakimbia nyumbani. Siku ya pili kukawa na ukungu, wakahitaji chombo, na Kimya akashika usukani. Wakati huo hakuwa akiitwa Kimya. Alikuwa msemaji kuliko wote, na alikuwa mtu wa kufuata kilichoandikwa. Ramani ilisema tisini na nne, akaenda tisini na nne. Yeye hakukosea kitu. Sumaku yangu ndiyo iliyompeleka mwambani.

Nilirudi, nikaona sketi imepasuka. Kesho yake wapimaji walikuwa wanakuja. Nikapitisha mkono chini ya ubao nikaitoa, kama nilivyozoea. Nakuapia kwamba wakati ule mkono ulifanya tu, akili haikuwepo. Akili ilikuja walipotangaza dira haina kosa. Nilikuwa nimesimama mlangoni, sumaku iko mfukoni, imegandana na funguo zangu za nyumba. Kimya alinitazama. Alikuwa anangoja mwalimu wake aseme neno lolote. Sikusema.

Utaniuliza kwa nini niliirudisha. Nimejiuliza zaidi yako. Nilirudisha kwa sababu ungeniuliza "bado imeshika", na sikutaka kukudanganya wewe, kana kwamba wewe ndiye pekee wa kutodanganywa. Na nilirudisha kwa woga. Shangazi akiwa na kisirani, basi yaliyompata Kimya yalikuwa bahati mbaya ya chombo. Dira ikinyooka, yanakuwa yangu. Ndipo nikawafundisha wote kutoa saba. Nilipokatazwa kurudi kazini kwa sababu ya masikio, niliambiwa nikiwa hospitali, na sikupanda chombo tena. Imebaki pale.

Nilipokuandikia "itie saba uachane nayo", nilikuwa bado naificha. Nusura niwaue wale watu wa mtumbwini. Hilo halitanitoka.

Pitisha mkono chini ya ubao, upande wa kulia. Utaikuta.

Baba yako


Karakana,
19 Machi

Baba,

Shikamoo.

Imeshika. Ilinibidi niing'oe kwa bisibisi. Uso umefutika, jicho moja tu limebaki, na nilipoliona nilikaa kwenye kiti chako kilichochanika nikalia mpaka fundi mwenzangu akaja kuuliza kama nimejikata.

Kisha tulimpeleka Shangazi majini tukamgeuza pande zote, polepole, siku nzima, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Dira imenyooka kila upande. Saba imekufa. Chaki ya juu ya mlango nimeifuta kwa mkono wangu.

Nimekukasirikia siku mbili nzima. Sikukupa sumaku ili ufiche mtu nyuma yake. Nilikuwa mtoto, Baba, na ukanifanya mshirika wa jambo nisilolijua, halafu nikakua nikijisifia nahodha asiyegusa mwamba. Siku ya tatu nilikumbuka ulivyofika nyumbani na gwanda lako limelowa wakati wa surua yangu, ukakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kubadilisha nguo. Siwezi kumtoa baba yule nikambakiza huyu. Nimejaribu. Ni mtu mmoja.

Kamanda nimemwambia kosa la dira limepatikana, na nimemwambia la kwangu. La kwako sijalisema, si mali yangu kuligawa. Lakini Mzee Kimya ananipa skrubu kila asubuhi na siwezi tena kuzipokea nikimtazama usoni. Lori linapita kwenu Jumatatu. Nakuomba dereva akute barua mbili, moja ya Kamanda na moja ya stoo.

Na kula chakula. Mama ameniandikia, ila hukusikia kwangu.

Mwanao,
Fundi Mdogo


Stoo ya Karakana,
9 Aprili

Afande,

Salamu zako nilizipata. Barua yako niliisoma hapa stoo nikiwa nimefunga dirisha la kutolea vifaa, wakanigongea mpaka wakachoka. Niliisoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu.

Nataka nikwambie mambo kama yalivyo. Miaka ishirini na moja nimejihoji mimi mwenyewe kila siku kuliko walivyonihoji wale wapimaji. Nilidhani labda nilisinzia. Nilidhani labda nilisoma nne nikaona tisa. Nilikwenda kupimwa macho mara saba, daktari akaniambia nisirudi tena. Mke wangu amekufa akijua aliolewa na mtu mzembe, na alinipenda hivyohivyo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Wewe ungeweza kuliondoa kwa neno moja. Kwa hiyo sitakwambia yamekwisha. Yakiisha nitakuandikia.

Kamanda ameisoma barua yako mbele ya kikosi kizima, kama ulivyomwomba. Ile ngao uliyoituma imefika pia. Walitaka kuitupa, nikawaambia waniachie ubao wake, ni mti mzuri, nitatengenezea rafu.

Binti yako alikuja akaniomba nishike usukani kwenye jaribio la tatu. Nilikataa. Akaja tena, nikakataa. Mara ya tatu hakuniomba. Aliweka sumaku juu ya kaunta yangu akasema, "Mzee, hii ni yako, ukitaka itupe." Alisimama pale, na macho yake ni yako kabisa, Afande. Niliwahi kuyaona yakinifundisha kazi. Nikamuuliza jaribio ni saa ngapi.

Walinipa njia ileile ya mfereji. Kulikuwa na ukungu mwembamba. Katikati ya mfereji binti akazima setilaiti, na palepale kebo ya usukani wa kompyuta ikalegea, taa nyekundu ikawaka. Baadaye tuligundua ni skrubu moja haikukazwa, na si moja ya zile nilizompa mimi. Skrini ilikuwa bado inatuonyesha tulipo na pa kuelekea, lakini wa kushika alikuwa ni mimi. Mfumo ulisema tisini na nne. Ramani kwenye magoti yangu ilisema tisini na nne. Kijana aliyekaa kando yangu, kwa mazoea tu, akaniambia, "Mzee, toa saba."

Sikutoa. Nilifuata kilichoandikwa. Mwamba tuliupita upande wa kulia, mbali, ukiwa na ndege wawili juu yake. Niliona haya kulia mbele ya vijana, lakini nililia, na kelele za Shangazi zina faida zake. Binti aliikaza ile skrubu, mfumo ukashika tena, ukaturudisha wenyewe mpaka chini ya bati. Kamanda amesaini. Shangazi hakatwi.

Sumaku sikuitupa. Nimeifunga kwenye kifurushi hiki pamoja na barua. Ibandike popote upendapo nyumbani kwako, ila uulize kwanza kama hakuna dira karibu. Binti yako amepewa likizo, anakuja Jumamosi. Atakuuliza swali lake mlangoni, ameniambia. Safari hii una cha kumjibu.

Mimi nafunga stoo sasa. Nilikuwa nimekusudia kumaliza hapo, ila kuna jambo moja umeliharibu na ni haki ulijue limetengenea. Jana baada ya kazi niliitoa baiskeli ukutani, nikautazama mnyororo, nikayajaza magurudumu upepo. Sikuisukuma. Niliipanda mpaka nyumbani, na kona zote nilizikata mwenyewe.

Kimya,
wa stoo na wa usukani